Maneno Niliyoyafuta

Mwanakombo Shebwana alinilipa elfu mbili taslimu
na kikopo kimoja cha mafuta
nimtengenezee tovuti, naye aonekane kampuni.
Kampuni yenyewe ni jiko la gesi, sufuria tatu,
na mwanawe Fahmi, abandikaye lebo akitoka madrasa:
chumba cha nyuma, Kibokoni, ngazi ya pili haina ubao.

Nikasoma alichokwisha kuandika.
Mafuta haya huponya ukurutu, kisukari, presha,
mgongo, ugumba, jicho la hasidi
na kukosa usingizi kwa wanaodaiwa.
Hilo la mwisho lilinichekesha. Yeye hakucheka.
Juu, picha ya daktari wa Kizungu,
meno kama vigae vipya vya choo.
Chini, ushuhuda wa Bwana Patrick wa Eldoret
aliyetembea baada ya miaka tisa.
"Huyu Patrick wamjua?"
"Kwani Eldoret wakosa Patrick?"

Nikaanza kufuta.
Kisukari kikatoka. Presha ikatoka.
Kila neno likienda alivuta pumzi
kama mtu ang'olewaye jino.
"Wafuta hata mgongo? Wangu mwenyewe niliupaka, ukapoa."
"Ulipaka, ukalala siku mbili. Kilichokuponya ni godoro."
Akaninyamazia. Akaenda kukoroga sufuria
ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Kizuri chajiuza, ndiyo,
lakini si kizuri kilichoandikwa kwa rangi saba,
herufi zikiwaka na kuzimika kama taa za harusi ya Majengo,
mtu atafute bei mpaka simu iishe moto.

Nikamuuliza: mafuta haya hufanya nini?
Si yasemwavyo. Yafanyavyo.
Akajibu polepole, kama ahesabuye chenji:
"Hulainisha kisigino kilichopasuka.
Upake usiku, uvae soksi. Wiki mbili."
"Na kisipolainika?"
"Arudishe kikopo, nimpe nusu ya pesa."
Akafikiri. "Pesa yote.
Lakini asiniletee kikopo kitupu."

Nikaandika hivyo hivyo.
Nazi, nta ya nyuki, mwarobaini, basi.
Bei. Tarehe ya kupikwa. Ngazi isiyo na ubao.
Kibali: tumeomba, hatujapata.
Hapo alinitazama kama nimemvua buibui barabarani.
Mstari wa nne:
Kidonda kisichofunga si kazi yetu. Nenda hospitali.
Daktari wa vigae nikamwondoa,
nikapiga picha mkono wake Mwanakombo,
na ile alama ya kuungua karibu na kidole gumba.

Wiki mbili simu haikulia.
"Umenifutia wateja," akasema,
na chai yangu siku hiyo haikuwa na iliki.

Jumatano ya wiki ya tatu akapiga mtu wa Changamwe.
Mamake ana sukari. Ana kidonda unyayoni,
mwezi wa pili sasa, hakifungi.
Anataka vikopo sita. Yuko tayari kutuma pesa sasa hivi.

Nikamwona Mwanakombo akiinua macho hadi kwenye rafu.
Vikopo arubaini, lebo za Fahmi zimekaa upande.
Kodi ilikuwa kesho kutwa.
Simu akaihamishia sikio la pili,
kana kwamba la kwanza limechoka.

"Mwanangu, umesoma mstari wa nne?
Usome. Nangoja."
Akangoja kweli.
"Basi usinunue kwangu. Mpeleke Makadara.
Leo. Sikwambii kesho."

Alipokata hakunitazama.
"Vikopo sita," akaiambia sufuria.
Kama yule mtu alimpeleka mamake, mimi sijui.
Hajapiga tena.

Halafu akaja nyuma yangu, mikono inanuka mwarobaini.
"Fungua hapo. Chini ya mstari wa nne
ongeza: usingoje kesho.
Iwe kubwa kidogo."
Nikauliza, rangi gani?
"Nyeusi," akasema. "Kwani ni harusi?"